Akaunti Iliyochelewa Miaka 12: Uchambuzi wa Kisa cha Hazina ya Mahakama nchini Kenya

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2019, Jaji Mkuu wa Kenya, David Maraga, aliwaita wanahabari jijini Nairobi akazungumzia mambo ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na wahasibu na makarani: malipo ya intaneti, gharama za safari za majaji wa Mahakama ya Rufaa, na mahakama tembezi zinazopeleka hakimu mahali ambapo mwananchi hana nauli ya kumfuata. Wizara ya Fedha ilikuwa imepunguza bajeti ya Idara ya Mahakama katikati ya mwaka wa kifedha, na Jaji Mkuu alitaka umma ujue kwamba shughuli hizo zingesimama. Kulikuwa na malalamiko mengine siku hiyo, yakiwemo ya namna yeye binafsi alivyokuwa akichukuliwa na wakubwa wa serikali, na vyombo vya habari vilivutiwa zaidi na hayo. Kwa anayetaka kuelewa jinsi mahakama za nchi zinavyosimamiwa, hata hivyo, kiini cha kauli yake kilikuwa kwenye hesabu. Miaka 9 baada ya Katiba kuipa Idara ya Mahakama hazina yake, mkuu wa mhimili huo hakuwa na akaunti ambayo waraka wa wizara usingeweza kuifikia.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha hazina hiyo: ilivyoandikwa kwenye Katiba mwaka 2010, ilivyokaa bila kufanya kazi hadi tarehe 1 Julai 2022, na kilichobadilika na kisichobadilika baada ya siku hiyo. Nakichukulia kama kisa cha utawala kuliko cha siasa, ingawa siasa haikukosekana.

Kwanza, jina. Wakenya tunasema "Idara ya Mahakama", kana kwamba ni kitengo ndani ya wizara fulani, pamoja na kamati za maji na ofisi za usajili wa magari. Ndugu zetu wa Tanzania husema "Mhimili wa Mahakama". Jina letu si kosa la watafsiri. Ni kumbukumbu ya hali ilivyokuwa. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, mahakama za Kenya ziliendeshwa kwa fedha zilizoombwa kama idara yoyote inavyoomba, huku msajili wa mahakama akiwa mtumishi anayepiga foleni wizarani pamoja na makatibu wengine. Mwaka 1988 hata ulinzi wa ajira za majaji wa Mahakama Kuu uliondolewa kwa mabadiliko ya Katiba, ukarudishwa mwaka 1990. Jopo la kuchunguza mageuzi ya mahakama lililoongozwa na Jaji William Ouko, ambalo lilimaliza kazi yake mwaka 2010, liliona kwamba uhuru wa jaji katika hukumu haukamiliki iwapo mhimili wake unaomba fedha kwa hisani, na likapendekeza mahakama ziwe na hazina yao.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ililichukua wazo hilo na kuliandika kwa lugha isiyo na mafumbo. Kifungu cha 173 kinaanzisha Hazina ya Mahakama na kuiweka chini ya Msajili Mkuu. Kila mwaka, Msajili Mkuu huandaa makadirio ya matumizi ya mwaka unaofuata na kuyawasilisha kwenye Bunge la Kitaifa. Bunge likishayapitisha, matumizi hayo yanakuwa deni la moja kwa moja kwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na fedha zinapaswa kulipwa moja kwa moja kwenye Hazina ya Mahakama. Kisha kikaongezwa kifungu kidogo cha mwisho, kinachosema kwamba Bunge litatunga sheria ya kusimamia hazina hiyo. Wasomaji wengi wa Katiba hukipita kifungu hicho haraka, lakini ndicho kilichokula miaka.

Muundo uliokusudiwa una sifa ya kuzingatiwa. Kifungu cha 161 kinamfanya Msajili Mkuu kuwa msimamizi mkuu na afisa mhasibu wa Idara ya Mahakama, naye huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu na ambamo wamo majaji, hakimu, mawakili, Mkuu wa Sheria na wawakilishi wa umma. Kwa hiyo mtu anayesimamia majalada na mtu anayesimamia fedha ni mmoja. Tanzania ilichagua njia nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ilitenganisha kazi hizo, Msajili Mkuu akabaki na shughuli za kimahakama, na Mtendaji Mkuu wa Mahakama akapewa utawala na fedha, pamoja na Mfuko wa Mahakama. Uswidi, kwa upande wake, iliunda mwaka 1975 wakala wa taifa wa kusimamia mahakama zote, wenye makao yake mjini Jönköping, ambao uko chini ya serikali. Nako huko, kamati ya kuchunguza Katiba ilipendekeza mwaka 2023 wakala huo ugeuzwe kuwa chombo ambacho majaji ndio wengi katika bodi yake. Nayataja haya kuonyesha tu kwamba swali la nani ashike mkoba wa mahakama halijapata jibu moja popote. Kenya ilijibu kwa kumpa Msajili Mkuu vyote viwili, na jibu hilo lilijaribiwa mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Msajili Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, Gladys Shollei, aliteuliwa mwaka 2011 wakati Jaji Mkuu alikuwa Willy Mutunga. Idara ilikuwa katika shughuli nyingi: ajira mpya, majengo mapya, magari, mikataba, na mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 120 ulioidhinishwa mwaka 2012. Mwezi Oktoba 2013 Tume ya Huduma za Mahakama ilimwondoa kazini kwa madai yaliyohusu ununuzi na matumizi ya fedha, madai ambayo aliyakanusha. Alikwenda mahakamani, mahakama ya ajira ikampa ushindi, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha mwaka 2014, na shauri likafikishwa hadi Mahakama ya Juu. Wakati huohuo Bunge la Kitaifa liliingilia, likapitisha ripoti dhidi ya makamishna 6 wa Tume, na Rais Uhuru Kenyatta akaunda jopo la kuwachunguza, ambalo nalo lilizuiwa kwa amri ya mahakama. Sihukumu hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka msomaji akione ni athari ya kisa hicho kwenye hazina. Kuanzia hapo, kila mbunge aliyetaka kuuliza kwa nini mahakama ziachiwe fedha zao alikuwa na mfano wa kutaja, na kila afisa wa Wizara ya Fedha aliyetaka kuchelewesha sheria ya hazina alikuwa na sababu yenye sura ya busara. Historia ina mizaha yake: tangu mwaka 2022, Msajili Mkuu huyo wa zamani amekuwa Naibu Spika wa Bunge lilelile ambalo makadirio ya mahakama hupelekwa kila mwaka.

Sheria ya Hazina ya Mahakama ilipatikana mwaka 2016, miaka karibu 6 baada ya Katiba. Kanuni za kuitekeleza zikachukua miaka mingine 3, hadi mwaka 2019. Kanuni zilipopatikana, hazina yenyewe ilikaa miaka mingine 3 kabla ya kuanza kutumika. Ukitazama mfululizo huo, huwezi kumtaja mtu mmoja aliyekataa. Hakuna waziri aliyetangaza kwamba hataki mahakama ziwe na hazina, wala hakuna mbunge aliyesimama kupinga kifungu cha 173. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake: rasimu inapitiwa, maoni yanakusanywa, mfumo wa malipo unarekebishwa. Ndivyo ofisi zinavyokataa jambo bila kulikataa.

Katika kipindi hicho chote cha kungoja, Idara ya Mahakama iliendelea kupata fedha kama wizara. Ili kuelewa maana ya maneno hayo, ni lazima kushuka kutoka kwenye Katiba hadi kwenye kituo cha mahakama.

Kituo cha kawaida cha mahakama za chini kina hakimu anayekiongoza, msimamizi anayeshughulikia utawala, makarani wa masijala, na watumishi wa uhasibu. Kituo hicho hakina bajeti yake kwa maana ya fedha zilizolala benki. Kinachopata ni barua ya idhini ya matumizi kutoka makao makuu, ambayo watumishi wa umma huiita AIE tu, bila kujali kirefu chake. Barua hiyo husema kituo kinaweza kutumia kiasi fulani kwa mafuta, kiasi fulani kwa vifaa vya ofisi, kiasi fulani kwa safari, kwa robo fulani ya mwaka. Bila barua hiyo, msimamizi hana ruhusa hata ya kununua rimu ya karatasi kwa mkopo, ingawa wengi hufanya hivyo na kubaki na madeni kwa wauza duka wa mjini. Na makao makuu hayawezi kutuma barua hiyo iwapo Wizara ya Fedha haijatoa fedha za robo, kwa idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye chini ya kifungu cha 228 cha Katiba lazima aidhinishe kila senti inayotoka kwenye mifuko ya umma.

Niliwahi kuketi kwenye benchi la masijala ya kituo kimoja nikisubiri mwenendo wa kesi ya jamaa yangu aliyetaka kukata rufaa. Hakimu alikuwa ameandika ushahidi wote kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi, na rufaa haiwezi kusikilizwa kabla maandishi hayo hayajachapwa, yakasomwa upya na kuthibitishwa. Jalada lilikuwepo, limefungwa kwa kamba nyeupe, nikaonyeshwa. Mchapaji alikuwepo pia, amekaa mbele ya kompyuta iliyowashwa. Kilichokosekana ni wino wa printa, na karani alinieleza kwa upole kabisa kwamba robo mpya ilikuwa imeanza lakini "AIE haijashuka". Niliulizia iwapo naweza kununua wino huo mwenyewe. Alicheka, akasema si mimi wa kwanza kuuliza, na hairuhusiwi. Jamaa yangu alikuwa rumande, na alibaki humo wiki zote ambazo barua ilichukua kushuka.

Hilo ni jambo dogo, nami siliweki mbele kama kashfa. Linaonyesha tu umbali kati ya mtu anayeamua fedha zitoke lini na mtu anayeumia zisipotoka. Orodha ya vitu vinavyotegemea barua hiyo ni ndefu: posho ya hakimu anayesafiri na mahakama tembezi, usafiri wa karani na mkalimani anayefuatana naye, malipo ya mawakili ambao mahakama huwateulia washtakiwa wa mauaji wasio na uwezo. Malipo hayo ya mwisho yana madhara yasiyoonekana haraka. Wakili anayedai kesi kadhaa za nyuma ambazo hajalipwa huanza kuomba ruhusa ya kujitoa, au huja mahakamani bila kujiandaa, na kesi ya mauaji huahirishwa, mashahidi wakarudi nyumbani, wengine wakiwa wamesafiri siku nzima kutoka vijijini.

Turudi sasa kwenye ngazi ya juu. Katika mwaka wa kifedha wa 2018/19, Idara ya Mahakama iliomba karibu Sh31 bilioni. Kiwango kilichopangwa kwenye mpango wa bajeti kilikuwa kama Sh17 bilioni, na Bunge likakishusha hadi karibu Sh14.5 bilioni, huku fungu la maendeleo kutoka bajeti ya serikali likibaki Sh50 milioni tu, kiasi ambacho hakitoshi kujenga mahakama moja ya maana. Maraga alisema wazi kwamba majengo yaliyokuwa yameanzwa yangekwama. Yalitokea haya miezi michache baada ya uamuzi wa tarehe 1 Septemba 2017, ambapo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais kwa kura 4 dhidi ya 2 na Rais akaahidi hadharani kuishughulikia Mahakama hiyo. Wakenya wengi waliunganisha mambo hayo mawili, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini mchambuzi hana sababu ya kuthibitisha nia. Mfumo unaoacha fedha za mahakama mikononi mwa watu ambao mahakama huwahukumu ni mfumo mbovu hata pale ambapo watu hao wana nia njema, kwa sababu hauna namna ya kuonyesha tofauti kati ya nia njema na kisasi.

Upande wa pili ulikuwa na hoja, na hoja hiyo ilirudiwa mara nyingi kiasi cha kuaminika: Idara ya Mahakama haimalizi fedha inazopewa, hasa za maendeleo, kwa hiyo kwa nini iongezewe? Hoja hii inahitaji kusimamishwa na kuulizwa maswali. Fedha za ofisi za umma nchini Kenya zina tabia ya kutoka kwa wingi mwishoni mwa mwaka wa kifedha, mwezi wa Mei na Juni. Mkandarasi anayejenga mahakama halipwi kwa miezi, anaondoa mafundi wake, kisha fedha zinafika wiki 3 kabla ya tarehe 30 Juni, ambapo mwaka unafungwa. Haiwezekani kuta zipande kwa wiki 3. Fungu linabaki bila kutumika, na mwezi wa Februari unaofuata, wakati taarifa ya sera ya bajeti inapopelekwa Bungeni, takwimu za fungu hilo lisilotumika zinasomwa kama ushahidi wa uzembe. Idara imenyimwa fedha kwa sababu haikutumia fedha ambazo haikupewa kwa wakati. Si kwamba Idara haina uzembe wake. Ripoti za ukaguzi zimeonyesha mikataba iliyosimamiwa vibaya, na hakuna anayejua mahakama za Kenya atakayeapa vinginevyo. Ila uzembe huo na ucheleweshaji huo ni vitu viwili, na hesabu ya mwisho wa mwaka haivitenganishi.

Kilichofanya tukio la 2019 kuwa kubwa zaidi kuliko la 2018 ni njia iliyotumika. Mwaka 2018 ni Bunge lililopunguza, na Bunge lina mamlaka ya kufanya hivyo. Mwaka 2019, makadirio yalikuwa yamekwisha kupitishwa, mwaka ulikuwa umeanza, na Wizara ya Fedha ikatoa waraka wa kubana matumizi ambao ulizigusa ofisi zote za serikali, Idara ya Mahakama ikahesabiwa miongoni mwao. Hapo ndipo jina "Idara" lilipopata maana yake kamili. Ikiwa kifungu cha 173 kinasema kwamba matumizi yaliyopitishwa na Bunge ni deni kwa Mfuko Mkuu wa Serikali, basi wizara haina uwezo wa kuyapunguza kwa waraka, kama vile haina uwezo wa kupunguza mshahara wa jaji. Bajeti iliyopitishwa hubadilishwa na Bunge, kwa bajeti ya ziada. Lakini kwa sababu hazina haikuwa imefunguliwa, fedha zote zilipita kwenye mfumo wa malipo wa wizara, na mwenye mfumo ana uwezo wa kufunga bomba bila kubadilisha sheria hata neno moja.

Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na punguzo likasitishwa kwa amri ya muda. Kishindo cha kauli ya Jaji Mkuu kilifanya sehemu iliyobaki. Hapa kuna tatizo ambalo wanasheria wamelizoea kiasi cha kutoliona tena: jaji wa Mahakama Kuu aliombwa kuamua kuhusu fedha zinazolipia intaneti ya ofisi yake mwenyewe. Sheria ina jibu, kwamba pale ambapo hakuna mwamuzi mwingine, aliyepo lazima aamue. Jibu hilo linatosha kisheria. Kiutawala, linaonyesha kwamba mgogoro ulikuwa umefika mahali usipopaswa kufika kabisa. Mhimili wa mahakama ukijiamulia bajeti yake kwa amri za kusitisha, hata kwa haki, unapoteza kitu mbele ya umma ambacho hakirudishwi na Sh2 bilioni wala Sh3 bilioni.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na kukwama kwa uteuzi wa majaji. Tume ilipendekeza majina 41 mwaka 2019, Rais Kenyatta akakataa kuwateua, na ilipofika Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha 6, mmoja wa wale 41 waliopendekezwa akiwa ameshafariki. Hao 6 waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais William Ruto kuingia madarakani. Nalitaja kwa kifupi tu, kwa sababu ni suala la watu na si la fedha, lakini mkono uliokuwa ukifanya kazi ni uleule: jambo limekamilika kisheria, linasubiri saini.

Tarehe 1 Julai 2022, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome na Msajili Mkuu Anne Amadi, Hazina ya Mahakama ilianza kufanya kazi. Haikuwa siku ya shangwe kubwa. Wakenya walikuwa wiki 5 tu kabla ya uchaguzi mkuu na macho yao yalikuwa kwingine. Kwa watu wa ndani, mabadiliko yalikuwa ya kweli. Fedha zikishaingia kwenye akaunti ya hazina, Msajili Mkuu anaweza kuzielekeza bila kurudi wizarani kuomba ruhusa ya kila malipo, na waraka wa kubana matumizi wa aina ya 2019 haukuti tena kitu cha kukamata ndani ya akaunti hiyo. Upangaji wa kazi za vituo unaweza kufanywa na mtu anayezijua mahakama. Hayo si madogo.

Lakini neno zito katika sentensi iliyotangulia ni "zikishaingia". Hazina ilibadilisha mwenye kushika mkoba. Haikubadilisha mwenye kuujaza, wala siku ya kuujaza. Kiwango cha juu cha matumizi ya Idara ya Mahakama bado huwekwa kwenye taarifa ya sera ya bajeti, inayoandaliwa na Wizara ya Fedha na kufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari. Msajili Mkuu ana haki ya kupeleka makadirio yake Bungeni moja kwa moja kabla ya mwisho wa Aprili, lakini anayapeleka kwa wabunge ambao miezi 2 iliyopita wameshakubaliana na wizara kuhusu dari ya nyumba yake, yaani kiwango hicho cha juu. Ndiyo maana uongozi wa mahakama umeendelea kulalamika, hata baada ya hazina, kwamba mgao wake hauzidi asilimia 1 ya bajeti ya taifa. Na fedha zilizopitishwa bado hutoka kwenye Mfuko Mkuu kwa mafungu, kulingana na makusanyo ya kodi na uamuzi wa wizara kuhusu nani aanze. Mahakama, kwa nafasi yake katika foleni hiyo, si ya kwanza. Madeni ya nje hutangulia, mishahara hufuata, na mengine yote hupangwa na mtu.

Januari 2024 tuliona tena sura ya zamani. Baada ya wiki kadhaa za maneno makali kati ya Rais na mahakama kuhusu maagizo yaliyozuia baadhi ya mipango ya serikali, Rais Ruto na Jaji Mkuu Koome walikutana Ikulu tarehe 22 mwezi huo, na miongoni mwa yaliyozungumzwa ni fedha za kuajiri majaji zaidi. Wengine walisifu mkutano huo kama ukomavu. Mimi nilijiuliza swali la kiutawala tu: kama hazina ni deni la Katiba kwa Mfuko Mkuu, idadi ya majaji inahitajije kikao cha Ikulu? Jibu ni kwamba dari iko mahali pengine, na mwenye dari hualikwa au hualika.

Kuna wanaopendekeza Katiba itaje asilimia maalumu ya bajeti kwa ajili ya mahakama. Siungi mkono sana, kwa sababu asilimia huzaa ushindani wa kila ofisi kutaka yake, na kwa sababu kiini cha kisa hiki hakikuwa ukubwa wa fedha peke yake. Jambo ambalo ningeanza nalo ni dogo na gumu kuliko hilo: tarehe. Kifungu cha 173 kinasema fedha zilipwe moja kwa moja. Hakisemi lini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, inaposhughulikia kaunti, inataka ratiba ya kutoa fedha iidhinishwe na Seneti, na fedha zitoke kabla ya siku 15 za mwanzo wa kila robo kupita. Ni kweli kwamba kaunti nazo hucheleweshewa, tena kwa miezi, na magavana hutishia kufunga hospitali karibu kila mwaka. Lakini gavana anapolalamika anaweza kutaja siku ambayo sheria ilivunjwa. Msajili Mkuu wa Mahakama hana siku ya kutaja. Anachoweza kusema, tarehe 16 Julai, tarehe 16 Agosti, au tarehe 16 Septemba, ni kwamba fedha hazijafika. Na msimamizi wa kituo, aliye ngazi 2 chini yake, anachoweza kumwambia mtu aliyekaa kwenye benchi la masijala ni kile nilichoambiwa mimi, kwamba AIE haijashuka.